Tuliambiwa miezi mitatu, sasa ni wa tano

Swali: Mama ana saratani ya umio, tunamuuguza nyumbani Tukuyu. Hospitali walisema ana miezi mitatu, sasa umeingia wa tano. Mtu wa mitishamba pale Mwanjelwa anasema ni dawa yake iliyombeba, tununue dozi ya pili na tuache mofini, dawa yake ya maumivu, maana inammaliza. Ndugu wanataka tuuze ng'ombe. Daktari, mama amebakiza muda gani?

Jibu: Pole sana kwa kuuguza. Ng'ombe abaki zizini.

Hiyo "miezi mitatu" haikuwa tarehe. Ni makadirio ya katikati: katika wagonjwa wengi wenye hali kama ya mama, karibu nusu hufariki kabla ya hapo na nusu huvuka. Sasa piga hesabu. Mtu akiuza hata maji ya mto Kiwira kwenye chupa, nusu ya wateja wake watavuka tu, na hao ndio atakaowatangaza. Waliofariki mwezi wa kwanza hawarudi kudai hela yao.

Na sisi wenyewe hukosea. Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha utafiti wa madaktari 343 waliokadiria muda wa wagonjwa 468 walioingia tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya asiyetarajiwa kupona, huko Chicago. Makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Mengi ya yaliyobaki yalizidisha muda. Tena daktari aliyemjua mgonjwa siku nyingi ndiye aliyekosea zaidi.

Mimi naangalia kasi. Hali ikishuka mwezi hadi mwezi, tunaongelea miezi. Ikishuka wiki hadi wiki, ni wiki. Leo ikiwa tofauti na jana, ni siku. Kipo pia kipimo cha Morita na wenzake wa Japani, cha 1999: anavyojiweza, anavyokula, kuvimba, kukosa pumzi akiwa ametulia, kuweweseka. Alama zikizidi 6 kati ya 15, wengi hawavuki wiki tatu. Ila kwa mama, hapo kwenye kula msikimbilie kukata tamaa. Mwenye umio ulioziba anaweza kuwa na njaa kabisa, uji ndio unagoma kushuka, na wapo wanaosaidika kwa kuwekewa mpira ndani ya umio. Kuweweseka nako wakati mwingine ni maambukizi au kupungukiwa maji. Mleteni aonekane.

Kinachonikera ni hilo la mofini. Kwa kipimo alichoandikiwa haifupishi maisha. Inafunga choo, ndiyo maana huandikiwa pamoja na dawa ya kulainisha. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua wenyewe. Lakini mtu aliyeizoea akikatishwa ghafla, maumivu yanarudi, anatoka jasho, anatetemeka, anaharisha. Hapo ndipo yule bwana atawaambia dawa yake imeanza kutoa sumu, muongeze dozi. Tunaletewa wagonjwa wakiwa katika hali hiyo, shamba la parachichi limeshauzwa, na aliyeuza dawa hapokei simu. Hawa huwa hawamgusi mgonjwa, hawaulizi alilalaje wala choo kikoje. Wanauliza mna nini cha kuuza.

Ndugu walio Dar waje sasa, mama akiwa bado anaongea. Na chupa ya mofini ikikaribia kuisha, njooni siku hiyohiyo. Msisubiri tarehe ya kliniki.