Kamera ndogo ya video kwa safari: pima umbali kwanza

Kabla ya kuuliza bei, jiulize utakachorekodi kitakuwa umbali gani. Muuzaji atakusomea maneno ya kwenye boksi, 4K, 5.3K, megapikseli, na hakuna hata moja linalojibu swali hilo.

Kinachojibu ni milimita za lenzi: namba ndogo inaona eneo pana, namba kubwa inavuta cha mbali karibu. Chukua lenzi ya milimita 20, kama ya kamera ya mkononi ya DJI Osmo Pocket 3. Ukiielekeza kwenye kitu kilicho mita 50, fremu inabeba upana wa karibu mita 90. Simba mwenye urefu wa mita 2 bila mkia anachukua sehemu moja ya 45 ya upana huo, yaani doa la njano kwenye nyasi. Ukivuta hadi milimita 70, mwisho wa zumu ya Sony ZV-1, fremu inabeba mita 26 hivi. Bado simba ni mdogo. Panasonic TZ200, ambayo bado inaingia mfuko wa koti, inafika milimita 360: hapo upana ni mita 5, na simba anakula karibu nusu ya fremu. Kwa Serengeti au Ngorongoro, ambako gari haliruhusiwi kuacha njia kumfuata mnyama, mjadala unaishia hapo. Zumu ya kidijitali usiihesabu kabisa. Hiyo inakata kipande cha picha na kukitanua, na simba anabaki palepale alipolala.

Sasa peleka kamera hiyohiyo ya milimita 360 kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Ukuta uko mita mbili, unatembea, watu wanapishana nawe, na zumu yote ile haina kazi. Hapa unataka lenzi pana na picha isiyoyumba. Pocket 3, iliyotoka Oktoba 2023, ina gimbali, yaani kishikio cha mota tatu kinachoshika lenzi yenyewe isiyumbe, na uzito wake ni gramu 179. Faida ya gimbali utaiona jua likizama pale Forodhani, bustani ya ufukweni mwa Mji Mkongwe. Baadhi ya kamera hutuliza picha kwa programu: zinakata kingo za fremu na kuisogeza ili ionekane imetulia. Mchana njia hiyo inafanya kazi vizuri sana. Usiku shata, yaani mlango unaopitisha mwanga, inabaki wazi kwa muda mrefu zaidi, hatua zako zinaacha ukungu ndani ya kila fremu, na programu haiwezi kuufuta. Matokeo yake ni video iliyotulia lakini inameremeta kama imelowa.

Usiku pia ndipo ukubwa wa sensa, kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, unapoonekana. Sensa ya “inchi 1” kama ya Pocket 3 na ZV-1 ni jina tu, upana wake halisi ni milimita 13.2, lakini inakusanya mwanga mwingi kuliko sensa ya kamera ya michezo kama GoPro, na picha inakuwa na chenga chache. GoPro tunaipendekeza kwa jambo moja kubwa: maji. Modeli zake za HERO Black za miaka ya karibuni zinazama hadi mita 10 bila kasha, jambo ambalo Pocket 3 na ZV-1 haziwezi, hata kwa manyunyu ya mashua. Ukienda kupiga mbizi kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, kagua mpira wa mlango wa betri kabla ya kuingia baharini. Chembe moja ya mchanga hapo inatosha kupitisha maji. Ukitoka, iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi dakika kumi na tano, mlango ukiwa umefungwa.

Wanaojirekodi wakitembea wawe macho na kitu kingine. ZV-1 inaanzia milimita 24, lakini ukiwasha utulizaji wake mkali fremu inakatwa hadi karibu milimita 30, na kwa urefu wa mkono uso unakula sehemu kubwa ya fremu. ZV-1 II inaanzia 18, ndiyo maana inafaa zaidi kwa kazi hiyo, ila haina utulizaji wa ndani ya lenzi na inategemea programu tu.

Mipangilio miwili ifanye nyumbani. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na kamera iliyoletwa kutoka Marekani huja imewekwa kwa hezi 60. Ukirekodi ndani ya mgahawa kwa fremu 30 kwa sekunde na shata ya 1/60 ya sekunde, taa zitapepesa au mistari myeusi itapanda na kushuka kwenye picha. Kwenye menyu weka PAL, mfumo wa video wa hezi 50, fremu 25 au 50, shata 1/50 au 1/100. Ya pili ni jua. Kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga) na f/2 (uwazi wa lenzi), jua la saa sita linataka shata ya karibu 1/6400, na kwa kasi hiyo watu wanaotembea wanaonekana wakirukaruka. Ili ushuke hadi 1/50 unahitaji kupunguza mwanga hatua saba, kila hatua ikiukata nusu, yaani filta nyeusi ya ND128. ND8 inayouzwa pekee yake inapunguza hatua tatu tu.

Memori kadi: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 128 inabeba saa 2 na dakika 50 hivi. Chukua mbili za 128 badala ya moja ya 256, maana kadi ikipotea au ikifa, siku nzima haiendi nayo. Tafuta alama V30, ya kasi ya kuandika, na kabla ya safari ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima kadi kwenye kompyuta ya Windows. Kadi feki inajitangaza kuwa 128 huku ndani ina 16, na ikijaa inapoteza video bila kukuambia.

Betri ya ZV-1 inakupa kama dakika 45 za kurekodi kwa kuwasha na kuzima, kwa hiyo beba tatu. Kwenye ndege, betri za akiba na pawa benki hukaa nawe ndani, haziendi kwenye mzigo wa chini. Pawa benki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa (Wh) 74, chini ya kikomo cha 100 cha ndege.

Kwenye gari la safari, mwombe dereva azime injini, kwani ukivuta zumu mbali, mtetemo wake unaharibu video zaidi ya kutikisika kwa mkono wako. Nunua mfuko wa kitambaa, ujaze kilo mbili za mchele au maharage sokoni Arusha, uulaze ukingoni mwa paa lililofunguliwa na kamera juu yake. Gharama yake ni ndogo, na mwisho wa safari kilichomo kinapikwa. Vumbi la lenzi lipulize kwanza kwa pampu ya mpira. Ukilifuta kwa shati unalisaga kwenye kioo.

Pwani, kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi itashika ukungu ukitoka nje. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto polepole. Begi liwe la mpira la kuzuia maji, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.

Kamera za DJI zinataka kuamilishwa kwa simu yenye intaneti kabla ya kutumika kikamilifu. Fanya hivyo siku unayonunua, ukiwa bado dukani. Na Pocket 3 haina hifadhi ya ndani hata kidogo, kwa hiyo bila kadi hairekodi chochote.