Kuishi na vitu vichache na kusafiri na begi moja: majibu yangu kwa muulizaji

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kwa nini ukishapunguza vitu nyumbani vinarudi baada ya muda, namna ya kusafiri na begi moja tu, na ufanyeje na simu inayokula siku nzima. Ukagusia pia mwenzi wako anayependa kutunza vitu. Waliotangulia wamekujibu vizuri kuhusu kugawa nguo, sitarudia. Mimi nimeishi hivi kwa miaka kadhaa, kwa kuhama nyumba na kusafiri kikazi mara kwa mara, kwa hiyo nasema niliyoyaona mwenyewe. Najua wapo humu ambao hawatakubaliana nami.

Tuanze na hivyo vitu vinavyorudi. Wengi hupunguza kwa kujiuliza, "Hiki nakitumia?" Naliona swali hilo ni dhaifu. Karibu kila kitu kina siku yake ya kutumika, na ukishakishika mkononi akili itakutafutia siku hiyo. Kuna jaribio maarufu la watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, lililochapishwa mwaka 1990. Baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa kiasi gani. Wenzao wakaulizwa wangevinunua kwa kiasi gani. Wenye vikombe walidai takriban mara mbili ya kile wenzao walikuwa tayari kutoa. Vikombe vyenyewe vya kawaida tu, na walikuwa wamevimiliki kwa muda mfupi sana. Sasa fikiria koti ulilokaa nalo miaka sita.

Swali ninalojiuliza mimi ni jingine: kitu hiki kinanidai nini? Maana kila kitu kina madai yake. Kinataka kufutwa vumbi, kuchajiwa, kufuliwa, kufungiwa, kukumbukwa kiko wapi. Printa ya wino wa maji ni mfano mzuri. Usipoitumia, wino hukauka kwenye matundu; ukiiwasha, inatumia wino mwingine kujisafisha. Yaani unailipia hata ikiwa imekaa. Kamera inataka betri, kadi, na jioni nzima za kuhamisha picha. Kitu kinachodai kidogo kinaweza kubaki hata kama nakitumia mara moja kwa mwaka. Sindano na uzi, kwa mfano, havijawahi kunisumbua. Kinachodai kingi lazima kinilipe kwa kutumika karibu kila wiki, la sivyo kinatoka.

Na tusidanganyane kwamba kuweka stoo ni kutunza. Viatu vingi vya michezo na vya kupandia milima vina soli za poliuretani, na unyevu wa hewa huivunjavunja taratibu hata usipovivaa. Unavitoa baada ya miaka vinaonekana vipya, unatembea kidogo, soli inabaki njiani. Betri za lithiamu zikiachwa zimeisha chaji kwa muda mrefu huharibika, nyingine huvimba. Mpira hukauka, gundi huachia. Kitu ulichokihifadhi kwa ajili ya siku fulani mara nyingi hakifiki siku hiyo kikiwa kizima, bora kimfikie mtu anayekihitaji sasa.

Hapo hapo niseme ninapotofautiana na wahubiri wa maisha mepesi. Wanasema, tupa, ukikihitaji utanunua kingine. Huo ni ushauri wa mtu ambaye kununua kingine hakumwumi. Kwa mwenye kipato cha kubangaiza, nguo za kazi za akiba, sufuria ya pili, na vifaa vya kurekebishia mambo madogo ni usalama wake, na kuwa navyo si udhaifu wa tabia. Kuwa na vichache kwa kuchagua na kuwa na vichache kwa kukosa ni hali mbili tofauti kabisa, hata kama chumba kinafanana. Kwa hiyo usishindane na mtu kwa idadi. Mafundi na wasanii ndio kabisa, zana zao waachiwe.

Sasa safari. Wengi huandika orodha ya vitu halafu wanatafuta begi la kuvitosha. Geuza. Chagua begi kwanza, kisha vitu vigombanie nafasi humo. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la kuingia nalo ndani lenye vipimo vinavyokaribia sentimita 55 kwa 40 kwa 20, na mengi yana kikomo cha kilo 7. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kununua begi, kwa sababu yanatofautiana na hubadilika. Ukipiga hesabu, vipimo hivyo ni kama lita 44 za ujazo. Mimi natumia dogo zaidi, kwa sababu begi kubwa lenye nafasi tupu hujazwa tu, hilo sijawahi kuona likishindikana.

Halafu lipime likiwa tupu. Hapa ndipo watu huliwa. Begi gumu la magurudumu linaweza kuwa na kilo mbili na nusu au tatu lenyewe, na hapo zaidi ya theluthi ya kilo 7 imekwisha kabla hujaweka hata soksi. La mgongoni la kitambaa linaweza kuwa na kilo moja au karibu na hapo. Ila kama una tatizo la mgongo au mabega, shika magurudumu yako na upunguze kwingine.

Nguo ndizo nyingi, na siri yake ni kufua tu. Ukishakubali kufua nguo mbili tatu usiku, safari ya wiki moja na ya miezi miwili zinahitaji begi lile lile. Kinachoamua ni kasi ya kukauka. Pamba hunyonya maji mengi na kukaa nayo, jinzi ndiyo mbaya kuliko zote: nzito, nene, na asubuhi bado mbichi kwenye mishono. Poliesta hukauka haraka lakini huanza kunuka mapema. Sufu ya merino, ile laini ya aina fulani ya kondoo, haishiki harufu upesi, ila ni ghali na nondo huipenda. Mimi nachanganya. Ukishafua, tandaza taulo kavu, laza nguo juu yake, vikunje pamoja kama mkeka kisha ukamue kwa nguvu. Taulo litachukua maji mengi kuliko mikono yako ingeweza kutoa, na nguo nyepesi nyingi zitakuwa kavu kabla hujaamka. Rangi chagua zinazopatana zote, ili kila suruali iende na kila shati. Kuhusu kuonekana umerudia nguo, amini nakwambia, kila mtu yuko bize na nguo zake mwenyewe.

Viatu vizito vaa mwilini. Sabuni chukua ya kipande, maana sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 kwa chombo, iliyoanza mwaka 2006, bado inafuatwa katika viwanja vingi, ingawa vyenye mashine mpya za ukaguzi vimeanza kuilegeza. Pawabenki iingie nayo ndani, kamwe isikae kwenye mzigo unaokabidhiwa. Betri ikishika moto kwenye sehemu ya mizigo hakuna mtu wa kuiona. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 (kipimo cha nishati ambayo betri inabeba) bila kuomba ruhusa. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye seli za volti 3.7 ni wati-saa 74, kwa hiyo inapita, lakini hakikisha maandishi yake yanasomeka. Yaliyofutika yanaweza kukuletea ubishi usiokuwa na mwisho.

Dawa zako usipunguze. Miwani ya akiba kama unaitegemea, chukua. Wepesi wa begi usigeuke mashindano ya kujitesa.

Na simu? Hili ndilo gumu, na nadhani hujajibiwa vizuri na waliotangulia. Simu ndiyo iliyofanya begi langu liwe jepesi: imemeza kamera, tochi, ramani, redio, tiketi, kamusi na vitabu. Lakini kila ilichokimeza sasa kinapatikana mlango mmoja na vurugu zote. Unafungua kuangalia saa, unatoka baada ya nusu saa na saa hujaiona. Mkono ukiwa mwepesi, kichwa kimeelemewa.

Utashi peke yake hautoshi, kwa sababu unapambana na kitu kilichotengenezwa kisiwe na mahali pa kuishia. Ule mtindo wa ukurasa kuendelea kushuka bila mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na mbunifu wa programu, Aza Raskin, ambaye baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Zamani ukurasa uliisha, ukabonyeza kwenda wa pili, na pale kwenye kubonyeza ulipata nafasi ya kusema basi. Kwa hiyo rudisha vituo. Nimezima arifa zote isipokuwa simu zinazopigwa na ujumbe wa watu halisi. Mitandao ya kijamii nimeiondoa kwenye simu, naingia kwa kompyuta tu, kwa kuandika nywila kila mara. Ule usumbufu wa kuandika nywila ndio dawa yenyewe.

Na hapa niliongeza kitu badala ya kupunguza: saa ya mezani ya kengele. Simu ililala kitandani kwangu kwa kisingizio cha kuniamsha. Saa ilipoichukua kazi hiyo, simu ikahamia chumba kingine, na asubuhi zangu zikarudi. Kwa hesabu ya vitu nimezidisha kimoja, kwa hesabu ya madai nimepunguza mengi. Safarini pia nina karatasi moja yenye anwani ninapofikia, namba mbili tatu za watu muhimu na nakala ya pasipoti. Kifaa kimoja kikibeba kila kitu, siku kikizima umepoteza kila kitu kwa mara moja.

Kuhusu mwenzi wako anayependa kutunza vitu: usiguse vyake. Hata kile unachoona ni takataka tupu. Ukitupa kimoja kimya kimya na akagundua, atakilinda kila kilichobaki, na wewe ungefanya hivyo hivyo. Punguza vyako, rafu yako ionekane, basi. Anaweza kufuata, anaweza asifuate. Zawadi nazo pokea kwa furaha. Aliyekupa alitaka kukufurahisha siku ile, na ukishashukuru kwa dhati una haki ya kumpitishia mwingine. Isipokuwa usimpe mtu wa ukoo ule ule, watu wanakumbuka.

Safari yako umesema ni mwezi ujao. Pakia mapema, siku mbili kabla, uvae begi utembee nalo nusu saa, ngazi zikiwemo. Ukirudi utajua cha kutoa bila kuuliza mtu. Ukikwama, weka orodha hapa pamoja na uzani wa begi tupu, tutaipunguza pamoja.