Kukaidi si kuasi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpishi kwenye hoteli moja hapa Tanga. Jumamosi usiku meneja alituma ujumbe kwamba kesho yake niingie kazini, siku yangu ya mapumziko. Sikwenda, simu iliisha chaji, nikauona ujumbe Jumatatu. Nikapewa barua ya onyo: "Umeasi amri ya uongozi." Shemeji yangu anacheka, anasema kuasi ni mambo ya wanajeshi, mimi nilikaidi tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji amepatia nusu.

Nililelewa na bibi, Pangani. Akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akanituma chumvi dukani nami nikajitia sisikii, hageuzi hata shingo: "Mkaidi wee! Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi." Mikono inaendelea kukuna. Lakini siku mjomba alipouza minazi ya marehemu babu kwa siri, akahama na kukata mguu hata msibani, bibi aliacha kukuna. Akasema polepole, "Ameniasi." Mchana ule tulikula wali mkavu.

Anayekaidi amesikia, ameelewa, na kwa makusudi hafanyi. Ila bado yumo nyumbani. Hata methali imembakizia siku ya Idi. Anayeasi amevunja utii wenyewe, ametoka. Ndiyo maana kijana akioa tunasema ameasi ukapera. Sijapata kusikia aliyeukaidi. Na askari wa Tanganyika Rifles walipowaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, Januari 1964, yale yaliitwa maasi. Ukiyaita ukaidi, msomaji atadhani waligoma kufagia uwanja.

Shemeji anapokosea ni kuwaachia wanajeshi neno zima. Mtu humwasi Mungu, huasi wazazi, huasi chama. (Mwasi au muasi? Yote utayakuta, mimi huandika mwasi.)

Lipo pia kuhalifu, neno la wazee, na kuhalifu amri kungefaa kabisa kwenye barua kama hiyo. Bahati mbaya mtoto wake, mhalifu, siku hizi anatafutwa na polisi, kwa hiyo usimpe meneja wazo hilo.

Sasa barua yako. Kama ujumbe uliuona Jumatatu, hukuasi, na hukukaidi pia, maana ukaidi huanzia sikioni: huwezi kukaidi usichokisikia. Sema hukufika kazini, basi. Hilo halina ubishi wala halina kiburi ndani yake. Jibu hivyo kwa maandishi, ubaki na nakala. Ila kama uliuona Jumamosi ileile ukailaza simu kifudifudi, mwambie meneja abadilishe neno moja tu, na shemeji mnunulie soda yake.