Mwandike Hata Bata wa Kila Siku

Ukienda kutazama ndege kwenye ardhioevu iliyo jirani nawe, usiache kumwandika bata unayemkuta pale kila siku. Hilo ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza aanzie wapi. Wengi huandika ndege adimu tu. Lakini ndege wa kawaida ndiye anayeweza kupungua kimyakimya, na asipohesabiwa angali mwingi, baadaye hakuna atakayejua amepungua kiasi gani.

Katika nchi za kaskazini, Mei na Juni, majira ya joto yanapoanza, ndio wakati ninaoupenda kuliko wote, ingawa kuona ni kazi: matete yamerefuka, majani yamefunga. Hapo sikio hutangulia jicho. Mimi hufika alfajiri, nikasimama mahali pamoja na kusikiliza kwanza, darubini ikiwa bado kifuani. Programu ya Merlin husaidia sana kutambua milio, ila ichukulie kama kidokezo. Jina likitokea kwenye simu, mtafute huyo ndege au msikilize mwenyewe mpaka uridhike, ndipo uandike.

Ukimwona ndege amebeba wadudu mdomoni na hamezi, ana makinda karibu. Andika hivyo, kisha usogee mbali. Mzazi anayeogopa kurudi kiotani huacha mayai au makinda yapoe. Tafadhali usicheze milio ya ndege kwa simu ili kuwavuta msimu huu, wala usitangaze kiota kilipo.

Jua likipanda, geukia mashina ya matete. Kereng'ende hukulia majini, na siku yake ikifika hupanda shina, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka na mabawa. Ngozi tupu hubaki imeng'ang'ania pale. Kwangu hiyo ina thamani kuliko kereng'ende kumi wanaopita angani, kwa sababu anayeruka huenda ametoka mbali, ila mwenye ngozi ile amekulia katika maji hayohayo.

Daftarini weka tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, hali ya hewa na idadi. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi, tazama wamechukua nafasi kiasi gani, kisha kadiria waliobaki. Ukipeleka orodha yako eBird, tovuti ya kukusanya orodha za watazamaji ndege iliyoanza mwaka 2002, utaulizwa kama umeandika ndege wote uliowatambua. Jitahidi jibu liwe ndiyo. Orodha kamili huonyesha hata waliokosekana, na hilo halipatikani kwenye orodha ya ndege wa kuvutia peke yao.

Juni ikielekea ukingoni, bata dume wengi huanza kupoteza manyoya yao ya rangi na kufanana na majike. Ukishindwa kuwatofautisha, andika idadi, na mbele yake "jinsia haijulikani".