Maswali yenu ya insha: msimamo, mpinzani na zile methali za kukariri

Haya, meseji zimejaa, wengi wenu mnajiandaa kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, na karibu nyote mnauliza kuhusu insha ya hoja, ile ya kumvuta msomaji akubaliane na wewe. Nimechagua chache, twende.

Mwalimu kila mara ananiandikia "huna msimamo". Si nimetaja faida na hasara zote? (Kidato cha tatu, Kakamega)

Ndio shida yenyewe hiyo. Umeleta faida tano na hasara tano halafu ukafunga na "kwa hivyo simu ina uzuri na ubaya wake", sasa mimi nifanye nini na hayo, si nilikuwa nayajua kabla sijasoma? Ukiulizwa kama wanafunzi wa bweni waruhusiwe simu, sema waruhusiwe, ama wasiruhusiwe, ama waruhusiwe Jumamosi jioni peke yake matroni akiwepo, huo pia ni msimamo na pengine ndio mzuri kuliko yote. Kipimo changu ni hiki: andika msimamo wako kwa sentensi moja kisha jiulize ni nani angekasirika akiusoma. Kama hayuko, futa uandike ingine. "Elimu ni muhimu" haina wa kuipinga, kwa hivyo haina kazi hapo. Swali likisema "Jadili" una ruhusa ya kuleta pande zote mbili, lakini usiweke kalamu chini kabla ya kusema wewe uko upande gani, wengi wanaangukia hapo mwisho mwisho.

Nikitaja hoja za wanaonipinga si najichimbia kaburi? (Kidato cha nne, Voi)

Hapana, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo insha nyingi zinafia. Chukua mada ya viboko, virudishwe shuleni ama visirudishwe, na tuseme wewe hutaki virudi. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza tena, na Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Wanafunzi wakishaandika hayo wanaona wamemaliza, sheria imesema, kwisha. Lakini yule mzee anayetaka viboko anaijua hiyo sheria, na ndiyo anayotaka ibadilishwe! Yeye anakwambia "sisi tulichapwa na tukawa watu". Hiyo ndiyo hoja yake yenye nguvu, kwa hivyo chukua hiyo hiyo, iandike vile yeye mwenyewe angeisema, bila kumcheka, kisha mjibu. Unaweza kumwambia: kweli mzee mmekuwa watu, lakini tunaosikia wakisema hivyo ni wale waliobaki darasani, yule aliyeacha shule kwa kuogopa kiboko ni nani alimuuliza? Umeona hapo hujamtukana, umemkubalia kitu kimoja na bado umemzidi. Ukimletea msomaji mpinzani mjinga atajua tu umemtunga ili umpige.

Aya moja inatosha, na iweke kabla ya hitimisho. Usimwachie mpinzani neno la mwisho.

Naweza kubuni takwimu? Mtahini atajuaje? (hakutaja anakotoka, na namwelewa)

Atajua. "Utafiti umeonyesha asilimia 87 ya vijana", utafiti wa nani, lini, wapi? Heri kitu kimoja unachokijua kweli. Mfano umepewa mada ya mazingira: marufuku ya mifuko ya plastiki Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Rwanda ilitutangulia mwaka 2008, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Hapo tayari una kitu cha kulinganisha bila kudanganya mtu, kisha ongeza unachokiona kwa macho yako, yule mama mboga wa mtaani kwenu siku hizi anakufungia sukuma na nini? Na kama bado unaona zile karatasi za plastiki zikipitishwa chini ya meza, huo pia ni ushahidi, tena ni wa upande ule mwingine, usiufiche.

Insha inafaa iwe na methali ngapi? (Kidato cha pili, Malindi)

Moja, ama usiweke kabisa. Najua mnakaririshwa "wahenga hawakukosea waliponena" tangu darasa la nne, lakini methali haithibitishi hoja, wewe ukisema haraka haraka haina baraka mwenzako anakujibu ngoja ngoja huumiza matumbo, sasa nani ameshinda?

Niliandika kurasa nne nzima na bado maksi ni nane. Kwa nini? (Kidato cha nne, Nyeri)

Karatasi ya insha ya KCSE inataka insha mbili kwa saa moja na dakika 45, kila moja maneno yasiyopungua 400 na alama 20. Sijaona insha yako ila nadhani umerudia hoja ile ile kwa maneno mapya. Panga kwanza dakika kumi, kila hoja na aya yake na mfano wake. Kuna walimu wanaodai hoja saba, sawa, msikilize wako, lakini hakikisha ya tano sio ya pili iliyovaa koti.

Je, nikimwachia ChatGPT aniandikie? (Chuo, Mombasa)

Atakuandikia vizuri tu, faida tano hasara tano, rudi usome jibu langu la kwanza. Mimi ningemtumia kinyume: andika insha yako mwenyewe, mpe, mwambie akupinge kwa ukali na asikuhurumie, kisha ukae ujibu mwenyewe aya kwa aya. Akikubana kabisa ukakosa la kusema, badilisha upande, bado hujawasilisha.