Seiko 6309 ya River Road: utajuaje vipuri ni vyake?

Umeuliza kama hiyo Seiko ya wapiga mbizi, 6309-7040, unayouziwa River Road, Nairobi, bado ina vipuri vyake. Swali la "orijino au feki" halitakufikisha mbali, maana nyingi ni mseto: kasha halali, uso uliopakwa upya, mashine ya juzi. Kagua kipuri kimoja kimoja.

Anza na ufunguo, kile kifundo cha kurekebishia saa kilichoko upande wa saa kumi (mahali pa 4). Ulegeze hadi utoke kwenye nyuzi zake, kisha uuzungushe bila kuuvuta. Mashine yake halali, 6309A, haijazwi hivyo; hujijaza kwa mwendo wa mkono tu. Ukisikia springi inakaza, ndani mna nyingine. Uvute sasa hadi mwisho. Mshale wa sekunde wa 6309A haujali, huendelea kutembea. Ukisimama, shuku NH36, mashine mpya zaidi ya Seiko. Ila 7S26, mashine nyingine ya Seiko, hufaulu majaribio yote mawili, kwa hiyo lazima kifuniko kifunguliwe: 6309A ina vito (vijiwe vya kupunguza msuguano) 17, 7S26 ina 21, na imeandikwa hapo hapo. Muuzaji akikataa kufungua, nenda zako.

Nyuma ya kifuniko kuna tarakimu sita. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi (O, N na D ni Oktoba hadi Desemba). 6309 ilitengenezwa kati ya 1976 na 1988, hivyo 3N ni Novemba 1983, lakini 7 yaweza kuwa 1977 au 1987.

Uso ndio unaodanganya wengi. Ukingoni chini, pale pa saa kumi na mbili, kuna maandishi madogo mno. Tumia lenzi ya fundi ya mara 10. Tarakimu nne za mwanzo ziwe 6309. Zinazofuata si lazima zilingane na 7040 ya kifuniko, na watu hukataa saa nzuri kwa kutojua hilo. Herufi zenye kingo zilizovujavuja, au vistari vya dakika visivyokaa sawa na alama za saa, ni kazi ya kupaka upya.

Mulika uso kwa tochi ya simu nusu dakika, ufunike kwa kiganja, uchungulie. Rangi ya kung'aa ya miaka hiyo imeshachoka. Ikiwaka kijani kwa dakika kadhaa, imepakwa upya. Mishale ikiwaka na uso ukabaki giza, mishale imebadilishwa.

Kioo, mipira ya kuzuia maji na springi kuu visikusumbue. Hivyo hubadilishwa kwenye sevisi. Kasha lililosuguliwa hadi kona zikawa mviringo ndilo la kukufanya ushushe bei sana, kwa sababu chuma kilichoondoka hakuna fundi wa kukirudisha kwa bei ya maana.