Kauli ya Trump ya 2019 na tuhuma za ubaguzi

Ndugu, umeandika kwamba tuhuma za ubaguzi wa rangi katika siasa za Marekani ni fimbo tu ya Wademokrati. Wakati mwingine ni kweli, lakini Julai 2019 Trump alipoandika kwamba wabunge wanawake kadhaa warudi walikotoka, ilhali kati ya wanne waliolengwa ni Ilhan Omar pekee aliyezaliwa nje, Somalia, kwangu kauli hiyo haikuhitaji kadi ya chama ili itambuliwe. Baraza la Wawakilishi liliilaani kwa kura 240 dhidi ya 187, Warepublikani wanne tu wakiunga mkono. Ajabu ni kwamba Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza hilo wakati huo, alipoiita kauli hiyo ya kibaguzi, aliambiwa amekiuka kanuni za mjadala, ingawa wabunge wengi walikataa maneno yake yafutwe kwenye kumbukumbu.